Moto ukivuka mpaka, nani analipa? Uzi kuhusu sheria za kuchoma misitu makusudi Marekani

Mnyalu wa Msituni (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu niliuahidi siku ule mjadala wa mioto ya California ulipopamba moto, pale wengi waliposema, "Hawa wenzetu wana ndege za kuzima moto, wana kila kitu, iweje misitu iwaungulie kila mwaka?" Siku ile nilijibu kwa kifupi na jibu halikutosha. Leo mvua inanyesha huku kaskazini mwa Florida, hatuchomi, nina muda.

Nianze na nilikotoka. Nimekulia Mufindi. Wa Mufindi mnajua: msonobari ni mali, moto ni adui. Ile patula tunayopanda ina gome jembamba, moto ukipita chini umeondoka na shamba. Kengele ya shule ikilia katikati ya kipindi mwezi wa kumi tulikuwa hatuulizi, tunakata matawi mabichi tunakimbilia kuzima. Sasa siku ya kwanza nimeajiriwa huku kwenye kikosi cha uchomaji, nikapewa lile kopo la kudondoshea moto, dizeli na petroli ndani yake, utambi mdomoni, nikaambiwa fuata mstari ule, dondosha moto unapokwenda. Mkono ulitetemeka. Nilikuwa nawasha msitu wa misonobari.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba msonobari wa huku si ule wa kwetu. Kuna aina wanaiita longleaf, yenye majani marefu kama ufagio. Mche wake unakaa miaka kadhaa chini kama fungu la nyasi, ncha ya kukua imefichwa katikati ya majani. Moto ukipita, majani ya nje yanaungua, ncha inabaki salama, mche unaendelea. Hata nyasi za chini yake hazichanui vizuri mpaka zichomwe wakati wa msimu wa kukua. Msitu wa aina hii ulifunika zamani ekari karibu milioni 90 kutoka Virginia hadi Texas. Leo uliobaki haufiki asilimia 5. Sehemu kubwa ilikatwa kwa mbao, na ile iliyosalimika ikanyimwa moto, vichaka na miti ya majani mapana vikaufunika.

Nani aliunyima moto? Serikali, tena kwa nia njema. Mwaka 1910 moto mkubwa uliteketeza ekari kama milioni 3 huko Idaho na Montana kwa siku chache, ukaua wazima moto wengi. Idara ya Misitu ya serikali kuu ilikuwa bado changa, ikaapa kupambana na kila moto. Mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba moto wowote ukionekana leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho. Hapo ndipo majani makavu, matawi yaliyoanguka na vichaka vilipoanza kulimbikizana mwaka hadi mwaka. Ukiuzuia moto mdogo kwa miaka 80, unaouweka akiba ni moto mkubwa. Moto kichaa mnaouona kwenye taarifa za habari unakula akiba hiyo, na joto na ukame wa miaka hii vinauongezea kasi.

Wakulima wa kusini walijua haya tangu zamani. Wenyeji wa asili walijua kabla yao. Watafiti nao wameandika kwa miongo mingi. Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja la kisheria: moto niliouwasha kwa nia njema ukivuka mpaka, nani analipa?

Mtu mwenye ekari zake 200 anajua fika kwamba akichoma mwezi wa pili, wakati kuna unyevu na ubaridi, ataliokoa shamba lake na la jirani dhidi ya moto wa mwezi wa tano. Lakini akikumbuka kwamba cheche moja inaweza kumletea madai ya mamilioni, na kampuni ya bima inamkataa hata kabla hajamaliza kueleza, anaacha. Jirani yake anaacha. Kata nzima inaacha. Miaka kumi baadaye radi inapiga, na hapo hakuna wa kumdai, maana radi haina mali.

Florida ndiyo iliyolijibu swali hili mapema. Mwaka 1990 bunge la jimbo lilipitisha Sheria ya Uchomaji wa Kupangwa. Ilitamka mambo ambayo mimi nikiyasoma kwa mara ya kwanza niliyarudia mara mbili: kwamba kuchoma kwa mpango ni haki ya mwenye ardhi, ni kwa maslahi ya umma, na ukifuata masharti hauhesabiwi kuwa kero kwa majirani. Masharti yenyewe si mepesi. Lazima kuwe na mpango wa maandishi. Lazima meneja wa uchomaji mwenye cheti awepo pale pale, mpango mkononi, kuanzia kiberiti cha kwanza mpaka kazi iishe. Lazima mwenye ardhi akubali, barabara za kuzuia moto ziwepo, watu na vifaa vitoshe, na idhini ya idara ya misitu ya jimbo ipatikane kabla ya kuwasha.

Kisha ukaja mwaka 1998. Ukame, mioto zaidi ya elfu mbili, karibu ekari nusu milioni. Mwezi wa saba wilaya nzima ya Flagler iliamriwa kuhama, makumi ya maelfu ya watu. Nimefanya kazi na mzee mmoja aliyekuwepo, anasema barabara kuu ilikuwa kimya mchana kama saa nane za usiku. Mwaka uliofuata bunge likaiongezea sheria nguvu. Mwenye cheti aliyefuata masharti hawezi kuwajibishwa kwa madhara ya moto au moshi wake mpaka ithibitishwe kwamba alifanya *uzembe uliokithiri*. Asiye na cheti anabaki kwenye kipimo cha uzembe wa kawaida.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyobeba kila kitu. Kwa mfano wangu mwenyewe, mahakama zina lugha yake: upepo ukageuka nje ya utabiri, cheche ikaruka barabara, ukawa na watu wa kuikimbilia lakini ikaunguza uzio wa jirani, hapo ni uzembe wa kawaida tu, utalaumiwa kwamba labda ungengoja kesho. Lakini ukiwasha umeambiwa kuna tahadhari ya upepo mkali, halafu ukaenda kula chakula cha mchana ukaacha visiki vinafuka, huo ni uzembe uliokithiri, na hakuna sheria itakayokukinga. Wala isikukinge.

Leo Florida inaidhinisha uchomaji wa zaidi ya ekari milioni 2 kwa mwaka. Nyingi ni ardhi za watu binafsi. Ni kwa sababu hiyo nasema kwamba msitu huu ninaoufanyia kazi umeokolewa na kifungu cha sheria kwanza, kopo langu likafuata.

Nakaribisha maswali. Wenye kujua California waje, mimi kule sijafanya kazi.

Wakili Mstaafu

Mkuu, ahsante kwa uzi uliokwenda shule. Ila naomba nikubane kidogo, kwa heshima.

Umeitetea sheria kwa upande wa anayewasha. Mimi niliwahi kumsimamia bibi mmoja mahakamani aliyeunguliwa na mikorosho kwa moto wa jirani anayesafisha shamba. Jirani hakuwa mtu mbaya. Hakuwa hata mzembe sana. Lakini bibi alibaki na visiki. Sasa sheria ya kwenu ikisema "mpaka uzembe uliokithiri", maana yake bibi yule asingepata hata shilingi, na serikali inamwambia kuungua kwake ni kwa maslahi ya umma. Kama faida ni ya umma, hasara inabakije kuwa ya bibi peke yake?

Mnyalu wa Msituni

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa pale pale panaponisumbua mimi mwenyewe, sitakuzungusha. Kwa Florida jibu ni kwamba bibi yuko kwenye hatari hiyo kweli. Bunge lilipima likaona hatari ya moto uliopangwa kuvuka ni ndogo sana ukilinganisha na moto kichaa utakaokuja pasipo kuchoma. Kwa hesabu za jimbo zima hilo ni kweli. Kwa bibi halimsaidii.

Nasikia California walijaribu njia nyingine. Nani yuko kule?

Dada wa Sacramento

Nipo kaka, nilikuwa nasoma kimya kimya. Mimi ni muuguzi, si mtu wa misitu, ila mwaka 2018 mji wa Paradise ulipoungua na watu 85 wakafa, tulipokea watu waliohamishwa, na tangu hapo nafuatilia kila muswada wa moto unaopita hapa bungeni.

California ilichelewa. Mwaka huo huo wa 2018 ilipita SB 1260 (SB ni muswada wa Seneti ya jimbo), ikaanzisha mafunzo na vyeti vya wakuu wa uchomaji katika ngazi ya jimbo. Lakini watu waliogopa kuvitumia, kwa sababu moto ukivuka, idara ya zimamoto ya jimbo ingeweza kukutumia bili ya gharama zote za kuuzima. Fikiria bili ya helikopta na wazima moto mia mbili kwa mtu mmoja. Mwaka 2021 ikapita SB 332 ya Seneta Bill Dodd: mkuu wa uchomaji mwenye cheti, au mtu anayechoma kwa mila ya kabila lake, hatadaiwa gharama hizo ila kwa uzembe uliokithiri. Ilianza kutumika Januari 2022.

Na sasa, mzee Wakili, hapa ndipo bibi yako anapoingia. SB 332 ilihusu bili ya kuzima moto. Haikufuta madai ya jirani. Jirani aliyeunguliwa bado angeweza kumshtaki aliyewasha, na bima ilikuwa haipatikani. Kwa hiyo mwaka 2022 ikapita SB 926, serikali ikatenga dola milioni 20 ziwe mfuko wa fidia. Moto wa kupangwa uliosajiliwa na kufuata masharti ukivuka, mfuko unalipa mpaka dola milioni 2 kwa mradi mmoja. Umma unaofaidi ndio unaoweka fedha mezani.

Wakili Mstaafu

Marahaba kijana wangu, na ahsante sana mama. Hiyo sasa ni sheria ninayoweza kuisimamia mbele ya hakimu bila kuinamisha kichwa. Milioni 20 kwa jimbo kubwa vile ni kidogo, lakini msingi wake ni sawa.

Kijana wa Tukuyu

Wakuu mnaenda vizuri, lakini mbona hamuigusi New Mexico? 2022 moto mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo lile uliwashwa na hao hao wataalamu wenye mipango ya maandishi!

Mnyalu wa Msituni

Umefanya vema kuileta, ningeiacha ungekuwa na haki ya kunishuku.

Tarehe 6 Aprili 2022 Idara ya Misitu ya serikali kuu iliwasha moto wa kupangwa karibu na Hermits Peak. Upepo ukawazidi, ukavuka. Upande wa pili, Calf Canyon, kulikuwa na marundo ya matawi yaliyochomwa Januari. Moto ule ulilala chini ya theluji miezi mitatu, ukaamka Aprili. Mioto miwili ikakutana, ikala zaidi ya ekari 341,000 na mamia ya nyumba, katika wilaya za Mora na San Miguel. Watu wa kule ni wafugaji na wakulima ambao familia zao zimekuwa pale vizazi vingi. Baada ya moto yakaja mafuriko, mlima ukiwa hauna kitu cha kuzuia maji.

Uchunguzi wa idara yenyewe ulisema kikosi kilifuata mpango, lakini mpango haukuona jinsi ardhi ilivyokauka kupita miaka ya nyuma. Nilivyosoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Sisi vikosini tunaamini karatasi. Tangu hapo mkuu wetu haanzi na karatasi, anaanza kwa kuvunja kijiti na kufinyanga majani mkononi, kisha tunawasha kipande kidogo cha majaribio tunakitazama. Kikitukataa, tunarudi nyumbani, hata kama karatasi imesema ndiyo.

Kuhusu sheria, ule ulikuwa moto wa serikali kuu, kwa hiyo fidia ililazimu itoke Washington. Bunge la Congress lilitenga dola bilioni 2.5 Septemba 2022, kisha bilioni 1.45 zikaongezwa mwishoni mwa mwaka. Mkuu wa Idara ya Misitu alisimamisha uchomaji wote wa kupangwa kwenye misitu ya idara yake nchi nzima kwa siku 90. Kwa maelezo yake, mioto kama 4,500 huchomwa kwa mwaka na asilimia 99.84 huenda kama ilivyopangwa. Naiamini takwimu hiyo. Ila mtu wa Mora aliyepoteza nyumba hawezi kuishi ndani ya 99.84.

Mama wa Pumu

Mimi swali langu ni moshi tu. Mwanangu ana pumu, tuko Georgia, na kila mwaka kuanzia mwezi wa kwanza anga linakuwa la kijivu. Mnapoandika sheria hizo, mapafu ya watoto mnayaweka wapi?

Mnyalu wa Msituni

Pole dada, na swali ni la haki kabisa. Sehemu ya idhini tunayoomba ni ya moshi: wanatazama upepo unaelekea wapi na kama hewa inapanda vya kutosha kuubeba juu. Siku ambazo moshi ungelala chini, tunanyimwa. Lakini makosa yapo. Januari 2008 hapa Florida moto wa kupangwa uliovuka uliacha moshi, usiku ukungu ukashuka, vikachanganyika kwenye barabara kuu ya I-4. Magari yapatayo 70 yaligongana, watu walikufa. Kila anayesomea cheti huku anafundishwa tukio hilo.

Dada wa Sacramento

Mama, niongeze kwa upande wa hospitali. Mwaka 2020 California iliungua zaidi ya ekari milioni 4. Tulikuwa na wiki nzima za jua jekundu, watoto hawatoki nje, chumba cha dharura kimejaa. Moshi wa siku moja uliotangazwa unawezesha mgonjwa ajiandae: dirisha lifungwe, dawa iwe karibu. Ule wa 2020 haukutupa siku ya kujiandaa wala ya kupumzika. Omba idara ya misitu ya huko ulipo ikuelekeze wanakotangaza siku za kuchoma. Ni haki yako kujua mapema.

Na jambo lingine ambalo naona halijasemwa. Mwaka 1850, jimbo hili ndiyo kwanza linazaliwa, bunge lake lilipitisha sheria iliyofanya kuchoma mbuga kuwa kosa, na waliolengwa ni wenyeji wa asili. Wakaruk na Wayurok wa kaskazini walikuwa wakichoma ili mialoni izae njugu zisizo na wadudu, na ile miti ya hazel itoe fito zilizonyooka za kusukia vikapu. Walinyamazishwa zaidi ya karne. Septemba 2024 ikasainiwa SB 310, inayoruhusu jimbo kufanya makubaliano na kabila ili lichome kimila bila kupitia vibali vya kawaida. Wakaruk walikuwa wa kwanza kufanya makubaliano hayo, Februari 2025. Miaka 175 kurudishiwa kiberiti chako mwenyewe.

Fundi Mizinga Tabora

Wakuu nimesoma post zote. Mimi ni mfuga nyuki, mizinga yangu iko miomboni. Hayo ya Florida kwetu tunaita uchomaji wa mapema, na wazee walikuwa wanafanya. Mvua zikikatika tu, mwezi wa tano wa sita, nyasi bado zina ubichi, unazungushia moto mdogo mizinga yako. Ukingoja mwezi wa tisa, moto unapanda mpaka kwenye mzinga, unakuta nta imeyeyuka.

Kuna jamaa wa misitu alitueleza habari za Ndola kule Zambia. Miaka ya 1930 walitenga vipande vya miombo: vingine vinachomwa mapema kila mwaka, vingine mwisho wa kiangazi, vingine havichomwi kabisa. Vile vya mwisho wa kiangazi vilikwisha miti vikabaki nyasi. Vya mapema miti ilisimama. Sikuhitaji kufika Ndola kuamini, ninaona hapa hapa.

Shida yetu ni hiyo hiyo ya uzi. Nikichoma mwezi wa tano mchana mbele ya watu, nikivusha kidogo naitwa ofisi ya kijiji. Anayewasha usiku mwezi wa tisa kutafuta ndezi, haonekani, haitwi. Kwa hiyo wengi tumeacha.

Mnyalu wa Msituni

Kaka Fundi, umesema kwa mistari mitano nilichozunguka nacho ukurasa mzima. Anayechoma vizuri anaonekana, ndiyo maana sheria inampata yeye kwanza.

Naomba kitu. Hiyo sheria ndogo ya kijiji chenu inasemaje hasa? Inatenganisha moto wa mwezi wa tano na wa mwezi wa tisa? Inasema nani anatoa ruhusa, majirani wanaarifiwa siku ngapi kabla, nani analala na moto mpaka uzime? Ukiipata nakala niandikie maneno kama yalivyo.

Fundi Mizinga Tabora

Nimetoka kuisoma sasa hivi ofisini kwa mtendaji. Ni mstari mmoja: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuwasha moto wa porini," halafu faini. Hakuna mwezi, hakuna ruhusa, hakuna kuarifu.

Mkutano wa kijiji ni Ijumaa. Wafuga nyuki tuko kumi na moja, tumekubaliana jioni hii tukae tuandike pendekezo. Mzee Wakili, ukipata nafasi tunaomba utusaidie kile kifungu cha bibi na mikorosho yake, tukiweke kabla ya kifungu chetu sisi.

Wakili Mstaafu

Nipo. Nitumieni rasimu kesho kabla ya adhuhuri. Na andikeni ndani yake kila mchomaji atachangia kiasi gani kwenye mfuko kabla hajapewa ruhusa ya kuwasha, mizinga mingapi au fedha kiasi gani, msiliache hewani.